Hatua Nane kwa Mapigo Sita: Darasa la Dansi Mpakani Busia

Katika toleo hili tumeona tuziweke kando ngeli na vitenzi, tuwaeleze juu ya darasa ambalo sisi wenyewe tulikuwa wanafunzi, tena wanafunzi wazito. Tulikuwa wahadhiri wawili na wanafunzi wanne wa ualimu. Tulikutana Jumamosi jioni upande wa Busia, Uganda, na mwalimu wetu alikuwa kijana aliyekuja kwa taksi kutoka Tororo (wenzetu wa Kenya wangesema matatu).

Dansi tuliyofundishwa huitwa swing. Ilizaliwa miongoni mwa Wamarekani weusi wa mtaa wa Harlem, New York, katika miaka ya 1920 na 1930. Ukumbi wake maarufu, Savoy, ulifunguliwa mwaka 1926 na kufungwa mwaka 1958, na humo weusi na weupe walicheza pamoja wakati kumbi nyingi za Marekani zilikuwa zikiwatenga. Frankie Manning, mmoja wa wachezaji wake wakubwa, aliendelea kuifundisha hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2009.

Hatua ya wanaoanza ni hii. Wawili wanashikana mikono wakitazamana. Kiongozi anapiga hatua tatu za haraka kushoto, tatu kulia, kisha anarudi nyuma kwa mguu mmoja na kurejea kwa mwingine. Mwenzake anafanya vivyo hivyo kwa mguu wa pili, kama kivuli katika kioo. Kijana wetu alihesabu kwa Kiswahili: "Moja-na-mbili, tatu-na-nne, rudi, rejea!" Yahesabuni maneno hayo: ni manane, na kila neno lina hatua yake, ingawa mapigo ya muziki ni sita tu. Tulidhani tumeona mizani minane ya utenzi pale, lakini mwenzetu wa fasihi alikataa katakata. Mizani ya utenzi huhesabiwa sawasawa, alisema, ilhali hapa hatua tatu zinabanwa ndani ya mapigo mawili. Tulishindwa hoja. Isitoshe, muziki wenyewe huenda kwa manne manne, basi hatua na muziki huachana njiani na kukutana tena kwenye pigo la kumi na mbili. Hapo ndipo miguu yetu ilipopotelea.

Nyimbo za Harlem hazikuwapo za kutosha. Kijana aliweka twisti za Daudi Kabaka, yule Mkenya mwenye jina la cheo cha mfalme wa Buganda, aliyevuma katika miaka ya 1960 kwa "African Twist" na "Helule Helule". Wimbo huu wa pili ulirekodiwa upya na bendi ya Uingereza, The Tremeloes, mwaka 1968. Twisti huchezwa bila kushikana, lakini mwendo wake ulitufaa kwa mazoezi, na wazee waliokuwa wakichungulia dirishani waliingia kucheza bila kufundishwa na mtu.

Sasa tufike kwenye lililotufanya tuandike. Mmoja wa wanafunzi wetu, binti aliyekulia katika Kiganda, alikuwa ametuambia njiani kwamba anafikiria kuliacha somo la Kiswahili. Katika mazoezi ya kufundisha darasa zima lilimcheka, na tangu siku hiyo huandika vizuri lakini hafungui kinywa. Jioni ile, baada ya kupatia hatua kwa mara ya kwanza, alisahau woga akasema kwa sauti: "Mwalimu, tuzine tena!"

Wasomaji wa Kiganda wanaelewa: okuzina ni kucheza ngoma. Waliotoka upande wa Kenya walisikia kuzini, na ukumbi ukaanza kuguna. Kijana hakusimamisha muziki. Alijibu, "Haya, tucheze tena! Moja-na-mbili..." na miguu ikaondoka kabla kicheko hakijapata nafasi. Wimbo ulipokwisha, binti aliomba mwingine. Safari hii alisema "tucheze".

Tukiri kwamba sisi tungesimama. Tungeandika vitenzi viwili ubaoni na kueleza kwamba zinaa ni neno la asili ya Kiarabu lisilohusiana na neno la Kiganda. Yote yangekuwa kweli, na binti angenyamaza muhula mzima. Hatusemi kila kosa lirekebishwe kwa kupita. Tofauti kama hii lazima ielezwe, maana atakuja kusimama mbele ya watoto. Tuliieleza tukirudi kuelekea mpakani, alipouliza mwenyewe, naye ndiye aliyecheka wa kwanza.

Tunalitaja kwa sababu Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022 na kuagiza kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu watakaoifanya kazi hiyo ni hawa hawa wenye Kiganda, Kisamia, Ateso na Dhopadhola vinywani. Tukiwapoteza kwa kicheko, hatuna wengine wa kuwaita.

Binti bado yumo katika orodha ya somo. Sisi bado tunakosea kwenye "rudi, rejea". Wanafunzi watakaopangiwa mazoezi ya kufundisha Busia au Tororo muhula ujao watuone ofisini, tuwaelekeze ukumbi ulipo. Waje na viatu vyepesi.