Sura ya Sita: Gari Huchajiwa Linapolala

Swali ninalokutana nalo kila mara Madungu, na Chake Chake kwa jumla, ni hili: vituo vya kuchajia magari vitajengwa lini? Ni mazoea ya petroli hayo. Petroli unaifuata kituoni; umeme umeshafika ukutani kwako. Sura hii ina sehemu tatu: soketi, gridi na betri.

Soketi zetu ni za volti 230. Chaja ya kubebeka ikivuta ampea 10, hizo ni wati 2,300, yaani yuniti 2.3 kwa saa. Nissan Leaf ya mwanzo, yenye betri ya yuniti 24, hutumia kama yuniti 20 kwa kilomita 100. Kutoka Madungu hadi bandari ya Mkoani na kurudi ni kama kilomita 60, basi yuniti 12 hivi. Ukichomeka saa nne usiku, adhana ya Alfajiri inakuta zimesharudi. Lakini soketi hiyo imebeba mzigo saa tano au sita mfululizo, kazi ambayo pasi na birika havifanyi. Skrubu iliyolegea hushika moto, plastiki hubadilika rangi, kisha huyeyuka. Soketi ya gari iwe na laini yake kutoka kwenye bodi, swichi inayokata umeme ukivuja, na ethi iliyopimwa. Ekstensheni iliyopitishwa chini ya mlango ni hatari, basi.

Wengine wanahofia magari yatamaliza umeme wa Pemba. Zamani kisiwa kiliwashwa na majenereta ya dizeli ya Wesha. Mwaka 2010, kwa msaada wa Norway, ikalazwa kebo ya kilovolti 33 chini ya bahari kutoka Tanga, zaidi ya kilomita 70, yenye uwezo wa megawati 25 hivi. Magari 100 yakichaji kwa pamoja huvuta kilowati 230: chini ya asilimia 1 ya uwezo huo. Na Norway hiyo hiyo, mwaka 2024, karibu magari 9 kati ya 10 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, na madereva wake wengi huchajia nyumbani. Lakini kebo hiyo inaonesha pia hatari ya kweli: kutegemea njia moja. Unguja ilikaa miezi mitatu bila umeme wa gridi, Desemba 2009 hadi Machi 2010, njia yake ilipoharibika. Kwa hiyo mkaazi wa kisiwa achaji kidogo kidogo kila usiku, asingoje betri iishe.

Hilo linajibu na suala la betri. Kuimaliza kabisa kwanza ni ushauri wa betri za zamani za nikeli. Ya lithiamu hudumu zaidi ikikaa kati ya asilimia 20 na 80, mbali na joto kali. Na dainamo ya magurudumuni inayodaiwa kulichaji gari likitembea ni upuuzi mtupu: nguvu yake inatoka kwenye betri ile ile, na nyingine hupotea njiani.

Wanaohitaji vituo kweli ni bodaboda wa pikipiki za umeme, wanaozunguka kutwa. Kigali, kampuni ya Ampersand huwabadilishia betri tangu 2019, na dereva huondoka baada ya dakika chache. Mfano huo ndio wa kudai Chake, Wete na Mkoani. Wewe wa gari la nyumbani, kabla hujalipia gari, mwite fundi umeme mwenye leseni aipime ethi yako.