Mfinyanzi Asilie Gaeni

Wahenga walisema, "Mfinyanzi hulia gaeni." Walimwona mama anayewafinyangia vyungu watu wa kijiji kizima, lakini yeye mwenyewe anakula katika kipande cha chungu kilichovunjika. Vyungu vizima vyote vimekwenda sokoni. Methali hii tumeikariri tangu shuleni na mara nyingi tumeicheka. Lakini tukiitazama kwa macho ya mama mwenye nyumba, haichekeshi hata kidogo. Inamhusu mwanamke ambaye kazi yake inamfaa kila mtu, ila yeye mwenyewe haimlishi.

Katika makala hii tunapenda kumtazama mama huyo kwa makini. Tunamtazama katika kazi yake ya kila siku, na pia siku ile anapobeba vyungu vyake kwenda kwenye maonyesho, ambako watu humsifu sana, kisha wengi huondoka bila kununua. Sisi tunaopika Matiri, Mbinga mjini, Mbamba Bay na kwingineko tuna sehemu yetu katika jambo hili.

Vyungu vinavyosafiri kwa maji

Ukizungumzia vyungu katika Ziwa Nyasa, utawataja Wakisi. Hawa wanaishi kwenye mwambao wa kaskazini-mashariki wa ziwa, chini ya milima ya Livingstone. Kijiji chao kinachojulikana sana kwa ufinyanzi ni Ikombe, karibu na Matema wilayani Kyela. Wengine wako katika vijiji vya mwambao wa Ludewa. Huko milima inashuka mpaka majini, na mashamba ya tambarare ni machache. Basi wanaume wamekuwa wavuvi, na wanawake wamekuwa wafinyanzi. Ufundi huo mama humrithisha binti yake.

Kwa kuwa barabara zilikuwa shida, vyungu vya Wakisi vilizoea kusafiri kwa mitumbwi. Soko lao maarufu liko Lyulilo, pale Matema, na siku yake ni Jumamosi. Kutoka hapo vyungu huchukuliwa hadi Mbeya, na vingine hufika hata Dar es Salaam. Zamani fedha hazikuwa za lazima katika biashara hiyo. Mama alibadilishana chungu na nafaka. Chungu kikubwa kilileta nafaka nyingi, chungu kidogo kikaleta chache. Kwa njia hiyo, udongo wa mwambao ulilisha watoto ambao hawakuwa na shamba la kutosha.

Sisi wa upande wa Mbinga tunaielewa vizuri biashara ya namna hiyo. Umatengo ni nchi ya mashimo ya ngolo, ya mahindi, maharage na kahawa. Mwambao una samaki na dagaa. Mlima na ziwa vimehitajiana siku zote. Leo kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay kuna barabara ya lami ya kilomita 66 hivi, na mzigo uliokuwa ukichukua siku nzima sasa unashuka au kupanda kwa muda mfupi. Lakini barabara hiyo hiyo inaleta pia ndoo za plastiki na sufuria za alumini, tena kwa bei nafuu na bila hofu ya kuvunjika njiani.

Kazi iliyomo ndani ya chungu kimoja

Anayeona chungu kimepangwa mezani hudhani ni udongo tu. Hebu tufuate kazi yenyewe.

Kwanza mama huchimba udongo wa mfinyanzi na kuubeba kichwani hadi nyumbani. Huuchambua kuondoa mawe na mizizi, huulowesha, kisha huukanda mpaka ulainike. Ukiwa na mawe, chungu kitapasuka. Ukiwa mwepesi mno, kitalala kabla hakijasimama.

Ndipo anapofinyanga. Mama wa Kikisi hana mashine. Huweka donge la udongo juu ya kigae kipana anachokizungusha kwa mkono, akalitoboa katikati na kuinua kuta zake kidogo kidogo kwa vidole. Kuta hizo huzifanya nyembamba mpaka mgeni hushangaa wepesi wa chungu anapokiinua. Kikishakauka kiasi, hugeuzwa, kitako kikakwanguliwa na kulainishwa. Mwisho hupakwa udongo mwekundu, na mara nyingi hutiwa nakshi za udongo mweupe.

Baada ya hapo hukaushwa kwa siku kadhaa, kisha huchomwa. Hapa ndipo penye hofu. Vyungu hupangwa mahali pa wazi na kufunikwa kwa nyasi na kuni. Kama ndani ya udongo kumebaki unyevu, moto huugeuza mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea hupasua chungu. Upepo ukibadilika ghafla, upande mmoja hupata moto mkali na mwingine hupoa, na ufa hutokea. Kazi ya wiki nzima yaweza kuharibika jioni moja. Wasomaji wetu wanakumbuka jinsi Nabii Yeremia alivyotumwa nyumbani kwa mfinyanzi akajifunze. Chombo alichokiona kikiharibika kilikuwa bado ni udongo mbichi, na mfinyanzi aliweza kukifinyanga upya. Kilichopasuka motoni hakifinyangiki tena.

Siku ya maonyesho

Nchini mwetu maonyesho si haba. Kila mwaka mwezi wa Agosti wakulima wa Nyanda za Juu Kusini hukutana Mbeya katika viwanja vya John Mwakangale kwa ajili ya Nane Nane. Dar es Salaam kuna Sabasaba mwezi wa Julai, na pia kuna Kijiji cha Makumbusho, ambako tangu miaka ya 1990 jamii mbalimbali zimekuwa zikionyesha utamaduni wao. Songea, katikati ya miaka ya 2010, lilianzishwa tamasha la Majimaji Selebuka, lenye michezo, ngoma na maonyesho ya wajasiriamali.

Mahali kama hapo mama mfinyanzi hupata kitu ambacho soko la kijijini halimpi. Huonana na mnunuzi uso kwa uso, bila mchuuzi katikati. Huonyesha jinsi anavyofinyanga, na watoto wa mjini hujifunza kwamba chungu hakitoki dukani. Huona pia kazi za wenzake na kupata maarifa mapya.

Lakini kuna upande mwingine. Watu hupiga picha, husifu nakshi, husema, "Utamaduni wetu huu!", kisha huenda meza ya pili kununua beseni la plastiki. Wengine hununua chungu kimoja cha kuwekea maua. Si vibaya kuweka maua. Ila chungu cha maua hununuliwa mara moja katika miaka mingi. Chungu cha kupikia maharage hutumika, huchakaa, hununuliwa kingine, na jirani aliyeonja maharage hayo naye hutaka chake. Ufinyanzi hauishi kwa kusifiwa. Huishi kwa kutumiwa.

Tuhesabu pamoja

Mnunuzi anapoambiwa bei, neno lake la kwanza ni, "Punguza, mama." Sisi sote tumelisema. Basi tuchukue mfano tu, wa hesabu za nyumbani, tuone neno hilo linafanya nini.

Tuseme mama amefinyanga vyungu 20. Vitatu vimepasuka motoni na kimoja kimevunjika njiani. Vimebaki 16. Kuni na nyasi zimegharimu shilingi 10,000, nauli na mzigo 15,000, ushuru 3,000, na chakula cha siku za maonyesho 7,000. Jumla ni 35,000. Akiuza kila chungu kwa 4,000 atapata 64,000. Akitoa gharama atabaki na 29,000 kwa kazi ya siku nane, yaani kama 3,600 kwa siku.

Sasa kila mnunuzi apunguziwe 1,000 tu. Mauzo yatakuwa 48,000, na baada ya gharama zitabaki 13,000. Kwa siku nane ni kama 1,600 kwa siku. Shilingi 1,000, ambayo kwetu sisi ni ndogo, imekula zaidi ya nusu ya pato lake. Hapo ndipo gae la methali linapotoka.

Hatusemi mtu asipatane bei. Soko ni maelewano. Tunasema mfinyanzi naye afanye hesabu kabla ya kutaja bei, aingize na vile vilivyovunjika, na sisi tukumbuke kwamba tunalipia pia vyungu ambavyo hatukuviona.

Wenzetu wengine

Shida hii si ya Ziwa Nyasa peke yake. Mwaka 2012 shirika la UNESCO liliuingiza ufinyanzi wa wilaya ya Kgatleng, Botswana, katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Sababu zilizotajwa zinafanana na zetu: mafundi wanapungua, bei ya vyombo ni ndogo, na watu wanatumia vyombo vya viwandani. Mwaka 2018 ufinyanzi wa wanawake wa Sejnane, Tunisia, nao ulipewa heshima ya kuorodheshwa.

Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1950, alikwenda Nigeria katika miaka ya 1970 akajifunza kwa wanawake wafinyanzi wa Abuja. Mpaka leo anafinyanga kwa mkono bila gurudumu. Kazi zake zimo katika majumba makubwa ya makumbusho duniani, na mwaka 2020 Uingereza ilimtunukia cheo cha Dame. Ufundi huo chanzo chake ni mikono ya akina mama wa kijijini.

Lakini si kila mama atafika makumbusho. Kwa wengi, mfano ulio karibu zaidi uko Kenya magharibi. Karibu na Kisumu, akina mama wafinyanzi wa kikundi cha Keyo walijifunza kutengeneza majiko ya udongo yanayopunguza kuni, yaliyoitwa kwanza Maendeleo, baadaye Upesi. Kazi hiyo ilianza katika miaka ya 1980. Udongo ni ule ule na mikono ni ile ile, ila walitazama jikoni kwa mwenzao na kuuliza anahitaji nini. Tunadhani hilo ni swali zuri hata kwa mfinyanzi wa huku: je, mama wa mjini anahitaji chungu kidogo zaidi, chenye mfuniko, au chenye kitako kinachokaa vizuri juu ya jiko la mkaa?

Kukitunza chungu jikoni

Akina mama wengi wameacha chungu kwa sababu cha kwanza kilipasuka. Mara nyingi kosa ni la matumizi. Tuzingatie haya:

1. Kabla ya kununua, kigonge taratibu kwa kidole. Chungu kizima hutoa sauti safi. Chenye ufa hutoa sauti iliyokufa.

2. Chungu kilichopakwa rangi ya dukani baada ya kuchomwa ni cha mapambo, usikipikie. Vile vile epuka chombo chenye mng'ao kama wa kioo usichojua umetengenezwa kwa nini, maana mng'ao wa namna fulani huwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto.

3. Chungu kipya kiloweshe, kisha upike uji mwepesi ndani yake kwa moto mdogo. Wanga huziba vitundu vya udongo.

4. Anza na moto mdogo kila mara. Usitie maji baridi katika chungu cha moto, wala usikitue juu ya sakafu yenye maji.

5. Kioshe kwa maji ya moto na gunzi la mahindi. Sabuni nyingi hunywewa na udongo na kubaki humo. Kisha kianike kikauke kabisa.

Ukifanya hivyo utaona faida yake. Udongo hushika joto, hivyo maharage yakishachemka unaweza kupunguza kuni na yakaendelea kuiva polepole. Mtungi nao hupoza maji bila umeme, kwa sababu maji kidogo hupenya kwenye vitundu na kukauka kwa nje, yakiondoka na joto.

Udongo uwahi ungali maji

Methali nyingine ya wafinyanzi inasema, "Udongo uwahi ungali maji." Binti hufundishwa angali mdogo, na ufundi huu una mahali pake kwenye orodha hiyo. Lakini binti wa siku hizi ana macho. Akimwona mama yake akirudi kutoka kwenye maonyesho na sifa nyingi na fedha za nauli tu, hatakaa chini kukanda udongo. Akimwona akirudi na ada ya shule na sare mpya, atauliza mwenyewe udongo unachimbwa wapi.

Basi, mama mwenzetu, maonyesho yakifika karibu nawe, usipite meza ya mfinyanzi kwa sifa peke yake. Mwulize chungu kipi kinafaa maharage, mlipe bei inayomtosha, kipeleke jikoni na ukitumie. Naye akifika kwake jioni, apakue chakula cha watoto wake katika chungu kizima.