Kufundisha Namna Tegu Anavyojilisha

Darasa linapofika kwenye somo la vimelea, mara nyingi mwalimu hutaja kwamba tegu hana mdomo wala tumbo, kisha hupita. Watoto hulikariri jambo hilo pasipo kulielewa. Yafaa tulifanye kuwa swali: basi tegu hulaje?

Tuchukue mfano wa Agama, mjusi ambaye dume lake huwa na kichwa chekundu. Huko Afrika Magharibi, utumboni mwake huishi tegu aitwaye Oochoristica. Mayai ya tegu huyu hutoka pamoja na kinyesi cha mjusi. Yakiliwa na mdudu kama mbawakawa, lava hukua ndani ya mdudu huyo, na mjusi amlapo huambukizwa. Kichwani tegu ana vikombe vinne, lakini hivyo si midomo, bali ni vya kujishikizia. Chakula kilichokwisha kusagwa na mjusi huingia mwilini mwa tegu kwa kupitia ngozi yake yote.

Tegu akikaushwa na kupimwa, hukutwa na akiba kubwa ya glaikojeni, ambayo kwa mnyama ni kama wanga katika muhogo. Katika aina nyingi za tegu, akiba hiyo hufikia robo ya uzito mkavu au huzidi. Sababu ni mbili. Kwanza, utumboni hewa ya oksijeni ni haba. Tegu hupata nguvu kwa kuvunja sukari bila hewa hiyo, njia itumiayo sukari nyingi. Pili, mjusi hapati chakula kila saa, na akiba humvusha tegu wakati wa njaa.

Kwa zoezi, tuchukue vitambaa viwili vyeupe vilivyo sawa. Kimoja kitandazwe, cha pili kikunjwe na kufungwa kwa uzi kama donge. Watoto wabashiri kipi kitapata rangi zaidi, kisha vyote vitumbukizwe pamoja katika maji ya rangi kwa muda mfupi na kufunguliwa. Hapo watatambua wenyewe faida ya mwili ulio bapa.

Tusiwatume watoto kuua mijusi. Wala wasiondoke wakidhani kwamba mjusi wa ukutani ndiye awapaye watu tegu. Mategu wakubwa wanaojulikana sana kwa binadamu hutokana na nyama ya ng'ombe au nguruwe isiyoiva. Kwa hiyo somo hili halijakamilika mpaka mtoto aweze kueleza nyumbani kwao kwa nini nyama iive barabara na kwa nini choo kitumiwe.