Je, Wajua? Merengue Ina Nyuzi za Gitaa la Kongo

Merengue, muziki wa taifa wa Jamhuri ya Dominika, kwa asili husimama juu ya vyombo vitatu tu. Cha kwanza ni kodiani, iliyoletwa na wafanyabiashara wa Kijerumani katika karne ya 19. Cha pili ni tambora, ngoma ya pande mbili inayolazwa mapajani: upande mmoja hupigwa kwa kiganja, wa pili kwa kijiti. Cha tatu ni güira, mcheduara wa bati lililotobolewa vitundu, ambao hukwaruzwa kwa brashi ya chuma na kutoa ule mchakacho usiokuacha ukae kitini.

Zamani watu wa tabaka la juu waliudharau wakisema ni muziki wa shamba. Dikteta Rafael Trujillo, aliyeshika madaraka mwaka 1930, akauingiza kwenye kumbi za fahari ili umsifu. Trujillo aliuawa 1961. Merengue ikabaki mali ya wananchi. Mwaka 2016 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu.

Linalotugusa zaidi sisi wapenzi wa rumba na soukous ni hili: mwaka 1994 Juan Luis Guerra, nyota wa merengue, alimwita mpiga gitaa wa Kongo, Diblo Dibala, kushiriki katika albamu yake Fogaraté. Itafute uisikilize. Lile solo linalochirizika juu ya mchakacho wa güira utalitambua mara moja, kwani umelicheza tangu utotoni.