Kilichowashinda Waingereza Tanga

Jeshi huogopwa kwa hesabu: meli ngapi, mizinga mingapi, wanajeshi wangapi, fedha kiasi gani. Hesabu hizo ni za kweli, ila haziendi vitani zote. Wanaoshuka ufukweni au kuvuka mpaka ni vikosi fulani, chini ya jemadari fulani, wakiwa na chakula, ramani na taarifa walizopewa wiki hiyo. Uvamizi mwingi umeharibika katika pengo hilo, baina ya nguvu iliyoko kwenye vitabu na nguvu iliyofika. Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoifahamu ni wa Tanga, Novemba 1914.

Uingereza wakati huo ilikuwa na jeshi la majini kubwa kuliko yote duniani. Ili kuiteka Tanga, bandari ya koloni la Wajerumani na mwanzo wa reli ya Usambara iendayo Moshi, ilileta kutoka India watu wapatao 8,000 chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Meli zilipotokeza, mjini palikuwa na kampuni moja tu ya askari. Hata baada ya kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, kuteremsha watu wake kwa treni kutoka upande wa Moshi, walifika kama 1,000, wengi wao Waafrika. Kampuni zake kadhaa zilikuwa bado na bunduki za kizamani ambazo kila zikifyatuliwa hutoa moshi na kumfichua mpigaji.

Kwa hesabu hiyo, Tanga ilipaswa kuanguka kabla ya jua kutua.

Asubuhi ya tarehe 2 Novemba, manowari HMS Fox iliingia bandarini peke yake. Nahodha wake, Francis Caulfeild, alikuja kuwaarifu Wajerumani kwamba makubaliano ya awali ya kutoishambulia bandari yamefutwa, na akawapa saa moja wajisalimishe. Mkuu wa wilaya, Auracher, akaondoka kama anayekwenda kushauriana, akapeleka habari kwa Lettow. Caulfeild naye akaingiwa na hofu kwamba bandari imetegwa mabomu ya majini. Saa nyingi zikapotea katika kuyatafuta mabomu ambayo hayakuwapo. Vikosi vilianza kushuka usiku, na si bandarini bali Ras Kasone, penye mikoko na vichaka, kilomita chache kutoka mjini.

Saa zile ndizo zilizoiokoa Tanga. Mvamizi mwenye watu wengi ana faida kubwa kuliko zote pale anapofika, kabla mwenye nchi hajajikusanya. Akiipoteza faida hiyo, kila treni inayoingia inapunguza wingi wake. Aitken aliwapa Wajerumani siku mbili. Tarehe 3 vikosi vyake vya kwanza vilisonga na kurudishwa nyuma. Siku hiyohiyo kikosi kingine cha Waingereza kilishindwa Longido, karibu na Kilimanjaro, kwa hiyo Lettow hakuwa na sababu ya kuugawa moyo wake. Usiku akaingia Tanga na kuikagua kwa baiskeli, mtaa kwa mtaa, hadi upande wa bahari. Aitken hakutuma watu kupeleleza njia atakayopitia kesho yake.

Vita vile hukumbukwa zaidi kwa nyuki. Ni kweli, risasi zilitibua mizinga iliyokuwa mitini, na nyuki wakavuruga kikosi kizima cha Wahindi. Lakini hawakuchagua upande. Waliwauma hata wapiga bunduki za rashasha wa Kijerumani. Kisa hiki kimependwa mno, na naona kimewafaa sana walioshindwa, kwa kuwa kinaufanya uzembe wa wakubwa uonekane kama bahati mbaya.

Lawama nyingine ilitupwa kwa wanajeshi wa Kihindi, na hilo linaniudhi zaidi. Watu wale walikuwa wamesongamana melini kwa zaidi ya wiki mbili, wengi wakiugua kwa mawimbi. Walipita Mombasa bila kushushwa wapumzike. Vikosi vyao vilikuwa vimekusanywa kutoka pande mbalimbali za India bila kufanya mazoezi pamoja, na baadhi yao walipewa bunduki mpya karibu na safari. Mizinga ya nchi kavu ilibaki melini ikipiga kutoka sitahani. Kati ya watu hao wamo Wakashmiri na Wagurkha ambao tarehe 4, pamoja na kikosi cha Kiingereza cha Loyal North Lancashire, walipigana hadi wakaingia mitaani Tanga. Waliokimbia walikimbia kwa sababu walipelekwa msituni bila kuambiwa kuna nini mbele.

Upande wa pili, askari wa Lettow walikuwa wamefunzwa pamoja katika nchi hiyohiyo. Maofisa wao wengi walijua Kiswahili, na kampuni ilizoea kujiamulia mambo inapokuwa mbali na makao makuu. Maofisa wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, waliowafahamu askari hao, walimtahadharisha Aitken asiwadharau. Hakusikia, na msaada wao hakuutaka. Hapo ndipo sifa ya nguvu inapomgeukia mwenyewe. Humtisha adui kabla ya vita, ila pia humlevya aliye nayo, akaona upelelezi ni kupoteza wakati na maandalizi ni woga.

Ulevi huohuo ulionekana Februari 2022, majeshi ya Urusi yalipoingia Ukraine kutoka pande kadhaa kwa mara moja. Wanajeshi wengi waliamini wako mazoezini hadi saa za mwisho. Mpango ulitegemea Kyiv ianguke kwa siku chache, na ilipogoma kuanguka, msafara wa magari wa kilomita zipatazo 60 ulikwama barabarani kaskazini ya mji. Mwanzoni mwa Aprili Warusi walikuwa wameondoka eneo hilo. Vifaru vilikuwapo, lakini mafuta, chakula na mpango wa pili havikutosha.

Tanga iliwapa Waingereza nafasi moja zaidi. Jioni ya tarehe 4, kwa ishara ya tarumbeta iliyoeleweka vibaya, kampuni za Wajerumani zilirudi nyuma, na kwa saa kadhaa mji ukawa karibu mtupu. Aitken hakuwa na doria ya kumletea habari hiyo. Akaamuru watu warudi melini, na tarehe 5 wakapakia haraka, wakiacha ufukweni mamia ya bunduki za kisasa, bunduki za rashasha na risasi laki tano au zaidi. Walipoteza zaidi ya watu 800, kwa kuuawa, kujeruhiwa na kupotea. Wajerumani waliouawa pamoja na askari wao walikuwa karibu 70.

Kwa silaha zile Lettow alizipa kampuni zake kadhaa bunduki zisizotoa moshi. Waingereza waliingia Tanga Julai 1916, na vita vya Afrika Mashariki vikaendelea hadi Novemba 1918. Mizigo ya miaka hiyo, kwa pande zote mbili, ilibebwa vichwani na wapagazi waliochukuliwa vijijini, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, kuhara na malaria.