Betri iliyovimba isituletee ugomvi

Hapa Kibabi, kama kwingine Masisi, simu ndiyo inayotuletea habari za jamaa waliotawanyika. Ndiyo maana betri ikiharibika, maneno huwa mengi. Mara nyingi tumesikiliza mashtaka ya aina moja: mwenye simu anasema mwenye kibanda cha kuchajia ameiharibu, naye anajibu kwamba ililetwa ikiwa mbovu. Kisha kabila la kila mmoja linatajwa, na jambo dogo linakuwa kubwa. Basi tungependa kueleza yanayotokea ndani ya betri.

Wengi hudhani betri imetengenezwa kwa koltani ya Rubaya. Sivyo. Koltani hutoa tantalamu, inayotumika katika vifaa vingine vidogo vya simu. Betri zenyewe hutumia lithiamu, na nyingi hutumia pia kobalti, kama ile ya Lualaba.

Betri ina pande mbili. Kati yake kuna elektroliti, ambayo ni kama daraja: chembe za lithiamu hulivuka wakati wa kuchaji, na kurudi wakati simu inapotumika. Katika simu nyingi daraja hilo ni majimaji, au jeli iliyoshikwa na polima, yaani aina ya plastiki. Ziko pia betri za polima ngumu. Ndizo zilizoendesha magari ya kukodi ya Autolib' mjini Paris, kuanzia 2011 hadi 2018.

Polima ni mnyororo mrefu, mfano wa shanga zilizotungwa. Joto kali na umeme uliozidi kipimo huukata mnyororo huo. Majimaji nayo huharibika kwa sababu hizo hizo. Hapo chembe hupita kwa shida, na simu huzima mapema. Elektroliti inayoharibika hutoa gesi. Gesi ikikosa njia, betri huvimba. Hata betri iliyotunzwa vizuri huchakaa polepole kadiri miaka inavyopita.

Kwa hiyo, viongozi wetu, kabla ya kumhukumu mtu, ulizeni: betri ina umri gani? Ilinunuliwa mpya au ilikwisha kutumika? Simu iliachwa juani, karibu na paneli? Chaja ilikuwa nzima? Mara nyingi mtaona kwamba ubovu ulianza zamani, wala si siku ile moja kibandani.

Kwa familia zote:
- Chajini simu kivulini, si juu ya godoro wala chini ya nguo.
- Betri iliyovimba msiichaji tena, msiitoboe, msiitupe motoni.
- Iwekeni nje, ndani ya kopo lenye mchanga mkavu, mbali na watoto na mahema.
- Ikianza kutoa moshi, ondokeni upesi. Moshi wake ni sumu.

Betri hununuliwa tena. Jirani aliyepotezwa kwa ugomvi hapatikani sokoni.