‘Chini ya miaka 17’ au ‘wasiozidi miaka 17’?

KATIKA makala ya leo, ninakusudia kufafanua tofauti iliyopo baina ya vifungu viwili ambavyo wanahabari, walimu wa michezo na mashabiki huvitumia kana kwamba vina maana moja. Vifungu vyenyewe ni ‘timu ya vijana walio chini ya umri wa miaka 17’ na ‘timu ya vijana wasiozidi umri wa miaka 17’. Kipo na cha tatu, ambacho ndicho hasa utakachokisikia ukiketi na mashabiki pale Kinoru mjini Meru au katika Uwanja wa Moi mjini Embu: ‘anda-seventini’.

Mfano bora wa kutuongoza ni Junior Starlets, timu ya taifa ya wasichana. Kenya ni jabali katika riadha, lakini katika soka ya dunia sisi bado ni wadogo. Ndiyo maana watu walishangilia mno mnamo Juni 2024 wasichana hao walipoilaza Burundi kwa jumla ya mabao 5-0 katika mikondo miwili na kufuzu kwa Kombe la Dunia. Hakuna timu nyingine ya soka ya Kenya, ya wanaume wala ya wanawake, iliyokuwa imewahi kufika huko. Oktoba mwaka huohuo, wakiwa chini ya kocha Mildred Cheche, walikwenda Jamhuri ya Dominika. Walishindwa na Uingereza na Korea Kaskazini, kisha wakaifunga Mexico 2-1.

Sasa hebu tujiulize: wasichana hao walikuwa wa umri gani? Kanuni ya mashindano yale ilimruhusu mchezaji aliyezaliwa Januari 1, 2007 au baada ya siku hiyo, mradi asiwe amezaliwa baada ya Desemba 31, 2009. Tupige hesabu. Msichana aliyezaliwa Januari 1, 2007 alitimiza miaka 17 mwanzoni mwa 2024. Kufikia Oktoba, alikuwa na miaka 17 na miezi tisa. Je, huyo yuko chini ya miaka 17? La hasha! Hata hivyo, alikuwa na haki kamili ya kucheza.

Hapa ndipo penye kiini cha mjadala. Katika kupima kiasi, ‘chini ya’ huiacha nje namba inayotajwa. Mwuzaji akikwambia kwamba hauzi debe la maharagwe chini ya shilingi elfu mbili, maana yake ni kuwa elfu mbili zenyewe anazikubali. Ni pungufu ya hapo asikokutaka. Vivyo hivyo, aliye chini ya miaka 17 ni wa 16, 15, 14 na kadhalika. ‘Wasiozidi’, kwa upande mwingine, huijumuisha namba hiyo. Kitenzi ‘zidi’ ni kupita kiwango, na kiambishi ‘si’ kinakanusha kupita huko. Asiyezidi 17 anaweza kuwa wa 17 kamili au wa chini yake.

Pengine utaniuliza, je, miezi ile tisa ya ziada haimfanyi awe amezidi? Swali zuri. Jibu limo katika namna Waswahili wanavyohesabu umri. Sisi huhesabu miaka iliyotimia. Mtoto ‘ametimiza’ au ‘amefikisha’ miaka 17, na tangu siku hiyo tutasema ‘ana miaka 17’ mpaka atakapofikisha 18. Tukitaka kuitaja ile miezi, tunasema ‘ameingia mwaka wa 18’ au ‘anaelekea 18’. Kuelekea si kufika. Kwa hivyo, kwa hesabu ya miaka iliyotimia, msichana wetu hajazidi.

La kufurahisha ni kwamba mazungumzo ya kawaida yamekwisha kulitatua jambo hili. Mwalimu anayekusanya wachezaji uwanjani husema tu: “Nataka wa miaka kumi na saba kwenda chini.” Hesabu yake inaanzia 17, na hakuna wa 17 atakayedhani kuwa ameachwa nje. Kumbe lugha ya uwanjani yaweza kuwa sahihi kuliko tangazo lililopigwa chapa!

Huenda wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo ya wanasarufi. Mimi sikubaliani nao. Chukulia tangazo la majaribio ya kuteua wachezaji limebandikwa Runyenjes au Nkubu, likiwaita wasichana ‘walio chini ya miaka 17’. Msichana aliyefikisha 17 mwezi Februari atalisoma, na kwa kuwa ni mkweli, atabaki nyumbani. Mzazi wake naye atamwambia, “Wewe umeshapita.” Nafasi yake itachukuliwa na mwingine, ilhali kanuni ilimruhusu. Mdanganyifu hazuiwi na maneno ya tangazo. Huyo hukamatwa kwa stakabadhi na vipimo. Serengeti Boys wa Tanzania waliondolewa katika fainali za Afrika za 2005 na nafasi yao ikapewa Zimbabwe, kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Tangazo baya humdhuru aliye mwaminifu.

Lipo kosa jingine linalofanana na hilo. Baadhi ya matangazo hutaja tarehe, lakini huandika ‘waliozaliwa baada ya Januari 1, 2007’. Aliyezaliwa siku yenyewe ya mwaka mpya ameachwa nje tena! Kifungu sahihi ni ‘waliozaliwa kuanzia Januari 1, 2007’. Neno ‘kuanzia’ huijumuisha siku inayotajwa.

Isitoshe, tarehe ya kuzaliwa ni salama kuliko namba iliyo katika jina la timu. Soka ya wanaume katika Olimpiki huwa ya wachezaji wasiozidi miaka 23, ukiondoa watatu wanaoruhusiwa kuzidi. Lakini Olimpiki ya Tokyo iliyokusudiwa kuwa ya 2020 ilipoahirishwa hadi 2021, waliozaliwa kuanzia Januari 1, 1997 waliendelea kuruhusiwa. Baadhi yao walikuwa wamefikisha miaka 24. Miaka iliongezeka, lakini kundi halikubadilika.

Hapo ndipo tunapogundua kuwa timu ya vijana kwa hakika ni ‘rika’, yaani kundi la watu waliozaliwa au kukua kwa wakati mmoja. Kiswahili kina neno hilo, na pia kina ‘hirimu’. Wenyeji wa Mlima Kenya hawana ugeni na dhana hii. Miongoni mwa Wameru, wanaume waliopashwa tohara katika kipindi kimoja ni ‘nthuki’ moja, na nthuki hupewa jina. Mzee akikwambia kuwa yeye ni Gichunge au Kiramana, ameshakueleza yeye ni wa kina nani na aliowatangulia ni akina nani, bila kutaja mwaka hata mmoja. Kanuni ya soka nayo hufanya kazi kwa kufungua na kufunga rika, ila yenyewe hutumia kalenda.

Alhasili, mwandishi wa habari na atumie ‘timu ya wasichana wasiozidi umri wa miaka 17’. Aandikaye tangazo la kuteua wachezaji aongeze tarehe: ‘waliozaliwa kuanzia Januari 1’ ya mwaka uliowekwa. Shabiki naye ana ruhusa ya kuendelea na ‘anda-seventini’ yake, mradi akumbuke kwamba wa 17 pia wamo.